Kulala kwenye vyumba vidogo vya Kampala mjini: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nilianza kufuata mzigo Kampala mwanangu mkubwa akiwa chekechea, na sasa kanipita urefu. Natoka Bukoba, navuka mpaka wa Mutukula, nalala mjini usiku mmoja au miwili, narudi. Kila anayeanza biashara hii hunipigia simu, na nusu ya anayouliza hayahusu bei za nguo, yanahusu kulala. Nimeyaweka hapa ili ukipiga tuongee nguo.

Ninazozisemea ni gesti za mji wa chini, zile za ghorofa zilizobanana kati ya stendi za Old Taxi Park na New Taxi Park, Kikuubo, soko la Owino na Kisenyi. Za Kololo zenye bustani na maua sizijui, muulize mwingine.

Chumba ni kidogo kiasi gani hasa?

Chukua kitanda cha nne kwa sita. Kisogeze ukutani mpaka kigote. Nafasi inayobaki ni ya mtu mmoja kupita kwa ubavu, na mlango ukifunguka unagonga godoro kabla haujafika nusu. Chumba ninachopewa mara nyingi nina utaratibu wake: nafungua mlango kidogo, narusha begi kitandani, najipenyeza, nafunga, halafu ndipo begi linateremka chini. Nikifanya kinyume, begi linabaki ndani na mimi nabaki koridoni. Meza hakuna. Nyuma ya mlango kuna misumari mitatu, hilo ndilo kabati. Televisheni imetundikwa pale pale kichwa chako kitakapofika ukiinuka ghafla.

Mkilala wawili, mmoja akivaa mwenzake anakaa kitandani miguu juu. Mkigombana hakuna pa kununia.

Picha za mtandaoni usizichukue kama kipimo. Mpiga picha alisimama kwenye kona na simu juu ya kichwa, na chumba alichopiga ndicho kile cha mwisho wa korido chenye madirisha mawili. Wewe hutapewa hicho.

Sasa kwa nini nisilale nje ya mji kwenye nafasi?

Lala, kama hujaja kununua. Lakini kama umekuja kununua, unachokilipia ni mtaa na mlango unaofungwa. Kikuubo ni kichochoro cha jumla, na mchana watu, mikokoteni na boda vinapita hapo kama siafu. Mwenye busara anaingia mapema, ananunua, anapeleka gesti, anarudi. Mimi huenda na kurudi hata mara nne kwa siku. Aliyelala Ntinda au Bweyogerere safari moja tu ya kurudisha mzigo inamlia saa mbili kwenye foleni, na ya pili haifanyi.

Bei zikoje?

Safari zangu za karibuni nimelipa shilingi 30,000 za Uganda kwa chumba cha bafu la nje, na kati ya 45,000 na 60,000 kwa selfu, yaani chenye choo na bafu humo ndani. Bei haipungui kwa kulia. Inapungua ukisema utalala siku mbili na utarudi mwezi ujao, na ukarudi kweli. Noti ya 50,000 ivunje mapema, maana usiku mapokezini chenji huwa "kesho".

Usitume pesa kwa simu kabla hujakiona chumba. Kuna gesti moja, jina naliacha, niliitumia malipo ya siku mbili, nikafika nikakuta chumba changu kina Mkenya amelala usingizi wa haki. Naye alikuwa amelipa. Yule kijana wa zamu akatutazama wote wawili kana kwamba sisi ndio tuliokosea.

Niangalie nini kabla ya kulipa?

Panda ukione chumba chenyewe, usikubali "kinafanana na hiki". Kisha anza na mlango. Kitasa kinaweza kuwa kibovu na usihangaike, ila komeo la ndani lazima liwepo na liingie kwenye tundu lake bila kubembelezwa. Milango mingine ina pete za kufuli kwa nje. Mimi natembea na kufuli langu, na mtu wa mapokezi anayenikataza kulitumia amenipa jibu ninalohitaji, naaga.

Godoro likunje upande wa kichwani uangalie mishono. Kunguni huacha vidoadoa vyeusi kama vya kalamu. Ukiona hata kimoja, shuka ngazi. Usijisemeze kwamba ni usiku mmoja tu, kwa sababu watapanda kwenye begi na utafika nao kwako, kisha utaanza kumsingizia mgeni aliyelala sebuleni.

Neti iwe nzima. Kampala ina mbu na malaria ipo, usidanganywe na hewa ya baridi ya usiku. Mji uko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto la Dar halipo, lakini mbu hajali.

Halafu bafu. Hapa ndipo wageni wengi wanaumia.

Bafu la selfu ndogo ni choo chenye bomba la mvua juu yake. Ukioga, choo kinaoga, ndoo inaoga na karatasi ya choo inaoga. Basi kabla ya kufungua maji, toa karatasi, toa taulo, toa simu, viweke kitandani. Maji ya moto yanatoka kwenye ile hita ya plastiki iliyofungwa pale pale kichwani mwa bomba. Swichi yake huwa nje ya mlango wa bafu, ina taa nyekundu. Watu wanafungulia maji kwa nguvu, yanatoka ya baridi, wanateremka kugomba. Hita ile inachemsha maji yakiwa yanapita. Yakipita mengi hayapati moto. Punguza polepole mpaka uisikie ikivuma. Ukipunguza mno inazima, unaanza upya.

Vaa kandambili za mpira, na usishike bomba la chuma hita ikiwa inawaka. Nilishika mara moja. Mkono uliruka wenyewe mpaka ukutani, povu machoni. Niliposhuka kulalamika nikaambiwa, kwa upole kabisa, "Hiyo huwa inafanya hivyo." Siku hizi kabla ya kuoga natia maji kwenye ndoo, nazima swichi, ndipo naoga kwa kopo.

Wamenipa chumba kisicho na dirisha. Nikatae?

Vyumba vya katikati ya jengo vingi havina, au vina kidirisha kinachotazama korido. Usiku mmoja utalala tu, na uzuri wake ni utulivu. Ila humo usiwashe kitu chochote cha moto. Wako wanaonyemelea na sigiri, ndivyo wanavyoita jiko la mkaa, ili wapike chai na kuokoa elfu mbili. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Hata dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko, kwenye kijumba kama kile itakubana kifua mpaka asubuhi.

Kingine ambacho watu hawakifikirii: madirisha ya gesti hizi yana nondo. Moto ukitokea, njia ni mlango na ngazi. Ukifika, hesabu milango kutoka kwako hadi ngazini, na ufunguo usiuweke mahali pa kutafuta gizani. Mimi nauacha kwenye kitasa.

Nikifika alfajiri nitalipa siku mbili?

Hili wanaotoka Nairobi na basi la usiku huniuliza sana, sisi wa Bukoba tunafika mchana au jioni. Uliza hivi, kabla ya kutoa pesa: "Siku yangu inaisha lini?" Gesti nyingi zinafunga siku saa nne asubuhi. Ukiingia saa kumi na moja alfajiri, nyingine zitakuhesabia mpaka saa nne ya kesho, nyingine zitakwambia siku yako imebakiza saa tano. Zote mbili zitakuwa zimeandika "usiku mmoja" kwenye risiti.

Saa haziwachanganyi, kwa bahati. Waganda wanahesabu kama sisi. *Ssaawa nnya* ni saa nne. Kasoro ni pale mnapohamia Kiingereza, mmoja anatafsiri neno na mwingine anatafsiri mshale. Onyesha kwenye simu.

Kama hutaki kulipa, omba kuacha begi na kunawa uso. Gesti zenye utu zinakubali.

Kiswahili kitanitosha?

Kwenye karatasi, ndiyo. Tangu 2005 katiba yao inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Mapokezini ni habari nyingine. Kampala ni mji wa Kiganda, na Kiswahili kwa wazee wengi ni lugha waliyoisikia kwa wanajeshi enzi za Amin, ikiamrisha. Yule binti wa zamu hakuwepo, lakini kasimuliwa nyumbani. Ukiingia kwa sauti ya Kariakoo, "Dada, nipe chumba!", ataganda. Si dharau. Umesikika kama mtu wa kizuizi cha barabarani.

Anza na salamu yao. Asubuhi *wasuze otya*, yaani umelalaje. Kuanzia mchana *osiibye otya*, umeshindaje. Mwanaume ni *ssebo*, mwanamke ni *nnyabo*, na usiyaache hayo hata ukiwa na hasira, hasa ukiwa na hasira. Ukikuta mtu anadeki korido mwambie *gyebale ko*, pole na kazi, utaletewa ndoo ya maji ya moto ambayo mwenzako amenyimwa. Na utashangaa ukisikiliza: kitanda ni *ekitanda*, maji ni *amazzi*, pesa ni *ssente*. Ufunguo tu ndio unaopotea, wao wanaita *ekisumuluzo*. Sisi wenye Kihaya tunabahatisha nusu ya mazungumzo na nusu nyingine tunacheka.

Askari wa mlangoni ndiye mara nyingi anayekijua Kiswahili vizuri, hasa akiwa ametoka kaskazini. Mfanye rafiki. Atakupekua begi na kukupitishia kile kifaa cha kukagua vyuma. Usikasirike, tangu mabomu ya Julai 2010 ukaguzi wa mlangoni umekuwa mazoea ya mji.

Maneno gani yatanipoteza?

Mawili. Ukiuliza "hoteli" mtaani, unaweza kupelekwa kwenye sahani ya matoke, maana hoteli ya kawaida kwao ni pa kula; sema *loji* au *gesti*. Na ukisema "teksi" utapelekwa kwenye daladala. Gari la kukodi peke yako ni *spesheli*. Stendi yenyewe wanaiita *ppaaka*, ya zamani na mpya, na mgeni wangu mmoja kutoka Muleba aliposikia "shukia ppaaka" alianza kutafuta mnyama.

Kelele je?

Zipo. Makonda wanaanza kuita Kawempe, Ntinda na Entebbe kabla ya jua, mkesha wa kanisa la ghorofa ya juu unaisha pale adhana ya Msikiti wa Taifa inapoanza kutoka kilima cha Old Kampala, na katikati kuna baa. Omba chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu kwenda juu. Pamba masikioni. Baada ya safari tatu utakuwa huisikii, na nyumbani Bukoba utakosa usingizi kwa kimya.

Mzigo wangu utakaa wapi?

Nguo za rejareja lala nazo. Belo halipiti mlangoni, kwa hiyo uliza kama wana stoo na ufunguo wake unashikwa na nani. Jibu likiwa "sisi wote," acha belo dukani kwa muuzaji mpaka saa ya basi, wengi wanakubali. Lifti msahau, mbeba mizigo wa ngazi patana naye chini, kabla hajaunyanyua, kwa sababu bei ya ghorofa ya nne inayotajwa ghorofa ya nne ni nyingine kabisa.

Simu usiichaji dirishani. Kuna vijana wana fimbo zenye ndoano.

Mimi ni mwanamke na nasafiri peke yangu. Hizi gesti si ndizo za "muda mfupi"?

Baadhi, ndiyo, na tusifichane. Utazijua: kibao cha bei kina bei mbili, daftari la wageni halitolewi mpaka uliulize, na mapokezi yanatazamana na kaunta ya bia. Mtu anayeingia bila begi na kutoka baada ya saa moja hana shida na wewe, lakini milango itagongwa usiku kucha na mashuka hayana uhakika. Mimi nabeba shuka langu na kanga mbili popote.

Tafuta zinazolaza wafanyabiashara. Saa moja asubuhi simama nje utazame wanaotoka: ukiona wanawake na mabegi ya mistari mistari, hapo pana wenzako. Omba chumba cha ghorofa ya mapokezi au moja juu. Namba ya chumba ikitajwa kwa sauti mbele ya watu, omba kingine, huna haja ya kueleza sababu. Mlango ukigongwa usiku, jibu bila kufungua, kisha piga simu mapokezi. Namba yao uichukue unapolipa.

Nitahitaji kitambulisho gani?

Watakuandikisha jina, namba ya hati, ulikotoka na unakokwenda. Wakenya wanapita na kitambulisho chao cha taifa. Sisi Watanzania ni pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe mkobani, hiyo ni ya mpakani. Hati yako isiachwe mapokezini kama dhamana. Waandike, wakurudishie.

Umeme, maji, intaneti?

Soketi ni zile zile za pini tatu za kwetu. Luku yao inaitwa Yaka, na ikiisha saa sita usiku ujue mwenye nyumba amelala. Maji ya bomba yanatoka ziwani, yanasukumwa kutoka Ggaba, kisha yanakaa kwenye tangi la paa. Ghorofa ya juu presha ni ndogo. Kunywa ya chupa. Intaneti ipo kwenye kibao cha ukutani tu.

Nile nini, na wapi?

Chai ya gesti ni mkate, yai na kikombe cha maji ya moto, usiipigie hesabu kwenye bei. Shuka chini. Asubuhi tafuta katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo au maini, inakushikilia mpaka saa nane. Jioni rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kabichi na nyanya, inakaangwa mbele yako. Pesa ikiisha kuna kikomando, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, hasa Novemba, sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuelekezwa.

Chakula chenye mchuzi usipande nacho. Utakila kitandani, hakuna pengine.

Nisafiri miezi gani?

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Mfereji wa Nakivubo ukifurika, maji yanaingia madukani na kwenye vyumba vya chini kwa dakika chache. Miezi hiyo chukua ghorofa ya juu na uvumilie presha ya maji.

Nina ndege Entebbe alfajiri. Nilale mjini?

Hapana. Ni kilomita kama 40 na foleni haina huruma. Lala Entebbe.

Nikikwama je, nikakaa siku nyingi kwenye kijumba kile?

Ilinikuta Aprili 2024, wafanyabiashara walipofunga maduka kugomea EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki. Nilishuka asubuhi Kikuubo nikakuta kufuli tupu, kichochoro chote unaona sakafu yake, jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Nikarudi. Siku ya kwanza nililala. Siku ya pili nilihesabu vigae vya bafu: vilikuwa sitini na vinane, viwili vimepasuka. Siku ya tatu nikafungua mlango kwa ajili ya hewa, na wenzangu wa korido walikuwa wameshafungua yao, kila mtu kakaa kwenye kizingiti chake miguu nje. Mama mmoja wa Busia akatoa karata. Wakanifundisha mchezo wanaouita matatu, nikaliwa shilingi elfu nane, na nikapata namba ya muuzaji wa mashati ninayemtumia mpaka leo.

Gesti unayolala wewe inaitwaje?

Ina vyumba kumi na viwili tu. Nikikutajia, mwezi ujao nitalala wapi?